Spini huanzia miguuni

Wanafunzi wangu wa urubani hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, wakisikia neno spini hudhani ndege imeharibika. Wala. Cessna 152, ndege yetu ndogo ya mafunzo, inayozunguka kuelekea chini ni nzima kabisa. Mabawa yamestoli, yaani yameacha kubeba, huku pua ikivutwa upande mmoja, basi bawa moja limestoli kuliko mwenzake na ndege inalifuata.

Mkono wa mtu hukimbilia usukani ili kulinyanyua bawa lililoanguka. Ndilo kosa lenyewe, maana unalizidishia stoli. Mmoja aliung'ang'ania hadi nikapiga kelele, "Achia!" Injini ishushwe kabisa, usukani ubaki katikati, kanyaga hadi mwisho pedali ya mguu, ile inayogeuza pua, upande ulio kinyume na mzunguko, kisha sukuma usukani mbele. Mzunguko ukikoma, sawazisha miguu, vuta taratibu.

Mwingine aliniuliza tukiwa bado tunazunguka: "Kapteni, mbona tunaanguka na kasi haipandi?" Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa angani! Haipandi kwa sababu mabawa bado yamestoli. Ukiona inapanda mbio, hiyo si spini tena, na dawa yake ni nyingine.

Mzunguko mmoja pamoja na kutoka hula angalau futi 1,000, na kitabu cha 152 kinashauri uwe umeshatoka ukiwa na futi 4,000 au zaidi juu ya ardhi. Uwanda wa Athi wenyewe uko kama futi 5,000 juu ya bahari. Kwa hiyo tunapanda hadi zaidi ya 10,000, na kwa hewa ile nyepesi ka-injini ketu kanapanda kwa kuomba Mungu.

Sasa fikiria kona ya mwisho kabla ya kutua. Upepo umekupitisha mstari wa njia ya kutulia, unaogopa kulaza bawa zaidi, basi unakanyaga ili pua igeuke upesi, huku unavuta usukani. Uko futi 500. Hesabu mwenyewe.

Marekani iliiondoa spini kwenye mtihani wa rubani binafsi mwaka 1949, ikatilia mkazo kutambua stoli mapema; walimu ndio bado hulazimika kuifanya. Mimi bado naionyesha, ila muda mwingi naumalizia kwenye kona hiyo, tukiiigiza juu kule: kimpira kinachoonyesha kwamba ndege inateleza upande kikikimbilia pembeni, filimbi ya stoli ikianza kulia bawani. Wiki jana mwanafunzi mmoja alilegeza mguu kabla filimbi haijalia. Tukarudi Wilson bila kufanya spini hata moja.