Koha ni nini? Mfumo wa maktaba uliozaliwa katika mji mdogo

Koha ni programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba. Yale yote ambayo zamani yaligawanyika kati ya daftari la kuazimia, sanduku la kadi na kichwa cha mkutubi, hukaa humo pamoja: tuna vitabu gani, kila kimoja kiko rafu ipi, nani kakichukua, anatakiwa kukirudisha lini. Upande mmoja kuna ukurasa wa wafanyakazi, unaofunguliwa kwa nywila. Upande wa pili kuna katalogi ya wasomaji, na humo mtu yeyote anaweza kutafuta kitabu. Pande zote mbili husoma kumbukumbu zilezile, hivyo kitabu kikiazimwa dakika hii, anayekitafuta dakika inayofuata anaona kwamba kimetoka na siku kinapotarajiwa kurudi.

Wengi ninaowaonyesha mfumo huu hudhani jina lake ni kifupisho, na huniuliza herufi zile zinasimamia nini. Hazisimamii kitu. Koha ni neno la Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa New Zealand, na maana yake ni zawadi, ule mchango ambao mgeni huenda nao anapowatembelea wenyeji wake. Hakuna anayemtoza, lakini mtu mwenye adabu haendi mikono mitupu, na anayepokea leo anajua kwamba zamu yake ya kutoa itafika. Sisi tunaochangiana harusi na misiba, majina yakaandikwa kwenye daftari ili kesho wasisahauliwe waliotoa, tunalielewa neno hili bila kufafanuliwa sana.

Jina hilo halikuchaguliwa kwa ajili ya mapambo. Levin ni mji mdogo wa New Zealand, haufiki kilomita 100 kutoka Wellington ukielekea kaskazini. Maktaba ya pale, pamoja na matawi yake ya Foxton na Shannon, ilikuwa chini ya shirika liitwalo Horowhenua Library Trust. Mwaka 1999 walikuwa na mfumo wa kompyuta uliozeeka, usioweza kuvuka salama kuingia mwaka 2000 kwa sababu ya namna ulivyohesabu tarehe. Mifumo iliyokuwa sokoni ilikuwa ghali, na kuunganisha matawi nako kulikuwa na gharama zake. Rosalie Blake aliyeongoza shirika lile na msaidizi wake Joann Ransom wakazungumza na kampuni ndogo ya Wellington, Katipo Communications. Kampuni ikaja na wazo ambalo leo ni la kawaida kabisa lakini wakati ule halikuzoeleka: mfumo mzima ufanye kazi ndani ya kivinjari, kama ukurasa wowote wa intaneti, ili tawi liweze kuutumia hata kwa laini ya kawaida ya simu. Mwandishi mkuu wa programu hiyo ya kwanza alikuwa Chris Cormack. Januari 2000 mfumo ulianza kazi Levin.

Kisha wakaamua kuugawa. Waliutoa chini ya leseni ya GPL, ambayo inampa kila mtu haki ya kuutumia, kuusoma ulivyoandikwa, kuubadilisha na kuwapa wengine, kwa sharti kwamba anayegawa toleo lake alilolibadilisha awape wapokeaji haki zilezile alizopewa yeye. Hiyo ndiyo maana ya programu huria. Huria na bure ni vitu viwili. Unaweza kupewa programu ya bure kabisa huku huruhusiwi kuifungua ndani, na siku mwenyewe akiamua kuifunga, umebaki na kumbukumbu usizoweza kuzisoma. Maktaba ndogo huumizwa na jambo hilo kuliko kubwa, kwa sababu haina fedha za kuanza upya.

Namna zawadi ile ilivyozunguka inaonekana vizuri Nelsonville, mji mdogo mwingine, huu wa jimbo la Ohio nchini Marekani. Maktaba yake ya umma iliitaka Koha miaka ya mwanzo ya 2000, lakini toleo lile halikuwa na uwezo wa kushughulikia rekodi za MARC, ambazo nitazieleza hivi punde. Badala ya kwenda kununua mfumo mwingine, walilipa ili uwezo huo utengenezwe ndani ya Koha. Ulipokamilika haukuwa wa Nelsonville peke yake. Mkutubi wa Levin aliupata, na mimi ninayeandika haya ninautumia kila siku bila kuwahi kuikanyaga Ohio.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kitu cha kwanza kinachomchanganya anayejifunza Koha ni tofauti kati ya rekodi na nakala, na nilijifunza tofauti hiyo kwa kukosea. Tulikuwa na nakala 30 za kitabu kimoja cha Biolojia cha kidato cha tatu. Niliziingiza moja baada ya nyingine, kila moja kama kitabu kipya. Mwanafunzi alipotafuta, akapata mistari 30 ya jina lilelile, na ili ajue kama kuna kitabu ndani alilazimika kuifungua mmoja mmoja. Rekodi ni maelezo ya kitabu kama andiko: jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka. Nakala ni kile unachokishika mkononi, chenye msimbopau wake (ile mistari myeusi inayosomwa na mashine), bei yake, mahali pake na kurasa zake zilizochanika. Rekodi ilitakiwa iwe moja, na chini yake nakala 30. Koha ina njia ya kuunganisha rekodi zilizojirudia, lakini kuzisafisha kulinichukua jioni mbili ambazo ningeweza kuingiza rafu nzima.

Rekodi huandikwa kwa mpangilio uitwao MARC. Uliundwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Henriette Avram, ambaye kwa taaluma alikuwa mtu wa kompyuta. Kila taarifa ina sehemu yake na kila sehemu ina namba: 020 ni ISBN (namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye kitabu), 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 300 ni idadi ya kurasa na vipimo, 650 ni mada. Mtu akiona namba hizo mara ya kwanza huogopa. Ukikaa nazo wiki mbili zinakuwa kama namba za mabasi, unajua tu ipi inakwenda wapi. Hata vialama vidogo vina mantiki yake. Sehemu ya 245 inakuuliza kompyuta iruke herufi ngapi mwanzoni inapopanga majina kwa alfabeti. Kitabu cha Kiingereza kinachoanza na “The” huandikiwa 4, yaani herufi tatu na nafasi moja. Kitabu cha Kiswahili ni 0, kwa sababu lugha yetu haina neno la namna hiyo.

Faida ya wote kuandika kwa mpangilio mmoja ni kwamba unaweza kunakili kazi ya mwenzako. Koha inawasiliana na maktaba nyingine kwa njia iitwayo Z39.50. Unaandika ISBN, unachagua maktaba ya kuulizia, na baada ya sekunde chache rekodi inakuja imejaa. Wewe unaongeza nakala zako tu. Kwa vitabu vya Kiswahili nilitegemea kukosa, lakini mara nyingi ninapata. Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi Nairobi tangu 1966, na kazi yake ni kukusanya na kuorodhesha machapisho ya ukanda wetu. Mara ya kwanza nilipoona riwaya ya Kiswahili, iliyokuwa mezani kwangu na jalada limebandikwa gundi, ikiitika kutoka Washington na namba yake ya kuipanga rafuni, 896.392, ya fasihi ya Kiswahili, nilifurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiye mkutubi.

Lakini rekodi ya kunakili haitoshi, na hapa ndipo ningependa wakutubi wenzangu watulie kidogo. Mada katika rekodi hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Mkulima akiandika “vitunguu” kwenye kisanduku cha kutafutia, mfumo hautampa kitabu kilichoelezwa kwa Kiingereza pekee, hata kama kiko mita mbili kutoka aliposimama. Tiba ipo ndani ya MARC yenyewe. Sehemu ya 653 inapokea maneno ya mada yasiyotoka kwenye orodha rasmi. Andika humo maneno ambayo watu wa kwako wanayatamka: vitunguu, mbolea ya samadi, umwagiliaji. Ni dakika moja kwa kitabu kimoja. Kwa maoni yangu, katalogi isiyo na dakika hiyo haijakamilika, hata kama sehemu nyingine zote zimejazwa bila kosa.

Kuhusu kujifunza, siamini semina ya siku mbili yenye slaidi 100. Mfanyakazi mpya ninampa mambo matatu tu kwa wiki ya kwanza: kusajili mwanachama, kuazimisha, kurejesha. Kuazimisha ni kugonga kadi ya msomaji kwa skana, kisha kugonga kitabu. Skrini inaonyesha tarehe ya kurudisha. Wengi huiogopa skana kuliko kompyuta, kwa hiyo ninaanza kwa kufungua ukurasa mtupu wa kuandikia na kuwaambia wagonge msimbopau wowote, hata wa sabuni. Namba zinajiandika na mshale unashuka mstari wa pili. Hapo wanaelewa kwamba skana ni kibodi inayoandika haraka, basi, na kwamba ikiharibika wanaweza kuandika namba kwa mkono na kazi ikaendelea.

Jambo moja halizungumzwi sana, nalo kwa mji mdogo ni zito: siri ya msomaji. Kwenye daftari la zamani, kila aliyeinama kusaini aliona majina ya waliomtangulia na vitabu walivyochukua. Katika mji ambao watu wote wanajuana, mama aliyetaka kusoma kuhusu Ukimwi au talaka aliona afadhali asiazime kabisa. Koha inaweza kuwekwa ili kitabu kikisharudi, uhusiano kati ya jina la msomaji na kitabu kile ufutwe, ibaki hesabu tu kwamba kiliazimwa. Haijiwashi yenyewe kila mahali. Ulizia wakati wa kufunga mfumo.

Gharama hazikosekani. Programu hulipii, lakini unahitaji kompyuta moja ya kuwa seva, yaani ya kuhifadhi mfumo na kumbukumbu zake, kwa kawaida yenye Linux (mfumo endeshi ambao nao ni huria), na mtu wa kuifunga. Intaneti haihitajiki kila saa: seva ikiwa ndani ya jengo, kompyuta nyingine zinaifikia kwa mtandao wa ndani hata bando likiisha. Umeme ndio wa kuupangia, pamoja na nakala ya akiba ya kumbukumbu, ambayo lazima ikae nje ya jengo lile. Matoleo mapya hutoka kila Mei na Novemba na hutajwa kwa mwaka na mwezi, kwa mfano 22.05 na 22.11. Hakuna haja ya kukimbilia kila moja, ila usikae nyuma miaka mingi.

Sisi tulianza na rafu moja tu, ya 630, kilimo, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi. Ilipokamilika tukawasha kompyuta ya wasomaji karibu na mlango, kabla hata rafu nyingine hazijaguswa. Wa kwanza kuitumia alikuwa mama mmoja muuza mboga.

“Mwanangu, niandike nini hapa?”

“Andika unachokitafuta, mama, kama unavyokiita sokoni.”

Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu: vitunguu. Vikatokea vitabu viwili, vyote vimo ndani. Akanisomea namba ya rafu kwa sauti, akageuka, akaifuata mwenyewe.