Aquaeductus: matao ya mawe, au kitu kingine?

Dhana: Aquaeductus ni daraja refu la mawe lenye matao.

Ukweli: Picha za Pont du Gard, daraja la maji la Kirumi lililoko kusini mwa Ufaransa, ndizo zilizotuzoesha kuamini hivyo. Neno lenyewe, la Kilatini, halitaji daraja wala tao. Limeundwa na aqua, yaani maji, na ductus, uongozaji, kutokana na kitenzi ducere. Na maji hayo yaliongozwa zaidi chini ya ardhi. Aqua Appia, mfereji wa kwanza wa Roma, ulijengwa mwaka 312 KK. Katika kilomita zake 16 hivi, karibu zote zilifukiwa. Aqua Marcia, wa mwaka 144 KK, ulifika kilomita 91, na takriban 80 kati ya hizo hazikuonekana juu. Matao yalijengwa pale bonde lilipokata njia, au maji yalipotakiwa kuingia mjini yakiwa bado juu. Hata Pont du Gard, yenye kimo cha mita 49, ni kipande kidogo cha mfereji wa kilomita 50 uliopeleka maji katika mji wa Nîmes. Katika masafa yote hayo maji yalishuka mita 12 na ushei tu! Kwangu mimi, upimaji huo unastaajabisha kuliko matao.

Dhana: Warumi ndio waliobuni.

Ukweli: Hapana. Mfalme Senakeribu wa Ashuru alipitisha maji juu ya daraja la mawe huko Jerwan, kaskazini mwa Iraki ya leo, zaidi ya miaka 350 kabla ya Aqua Appia.

Dhana: Ni neno la mafundi ujenzi.

Ukweli: Lilikuwa pia neno la mahakamani, na upande huu husahaulika mno. Katika sheria za Roma, aquae ductus ilikuwa haki ya mwenye shamba kupitisha maji katika ardhi ya jirani. Ilitajwa sambamba na haki za njia, kama ile ya kupita kwa miguu na ile ya kuswaga mifugo. Haki hiyo ilifuata shamba: likiuzwa, mnunuzi aliipata. Mtaro wenyewe uliitwa rivus, na majirani waliotumia mtaro mmoja wakaitwa rivales. Neno hilohilo Warumi walilitumia kwa wanaume wawili wanaomgombea mwanamke mmoja, na kutoka hapo lugha kadhaa za Ulaya zimepata neno lao la mpinzani.