Bando huliwa hata simu ikiwa mfukoni
Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, wengi huamini kwamba bando hupungua pale tu mtu anapoperuzi. Likiisha simu ikiwa mfukoni, basi limekatwa kinyemela. Si ajabu kufikiri hivyo, maana kioo kimezimwa na hakuna kinachoonekana kufanya kazi.

Lakini data ikiwa imewashwa, simu huendelea kuwasiliana na intaneti. Programu huweza kujisasisha, picha zikapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na WhatsApp, ikiruhusiwa, ikapakua yenyewe video zote za kundi la harusi. Video ndiyo mlaji mkubwa kabisa: ujumbe mfupi wa maandishi ni kilobaiti chache, ilhali saa moja ya video huweza kumaliza mamia ya MB, na ubora wa picha ukipanda, ikavuka GB 1.

Kukagua hakuhitaji fundi. Fungua mipangilio ya simu, tafuta matumizi ya data. Utaona kila programu imekula kiasi gani, na katika simu nyingi hata kile ilichokula chinichini. Linganisha na salio la bando kwa tarehe zilezile. Hesabu zikipishana sana, una haki ya kuwauliza huduma kwa wateja, tena ukiwa na takwimu mkononi.