Maziwa Hayaitoi Thina Mapafuni

Kwenye karakana za samani, za Keko jijini Dar es Salaam kwa mfano, mtu akimaliza kupuliza vanishi anashauriwa anywe maziwa "kukata sumu". Maziwa yanashuka tumboni. Thina, kimiminika cha kuyeyushia vanishi, imepita puani hadi mapafuni, ikaingia kwenye damu na kufika ubongoni kabla pakiti haijafunguliwa.

Tupige hesabu. Thina nyingi za vanishi zina kemikali iitwayo tolueni, na lita moja yake ikikauka yote hutoa takriban lita 230 za mvuke. Chumba cha mita 4 kwa 4, kimo mita 3, kina lita 48,000 za hewa. Ukifunga madirisha vumbi lisishike kwenye vanishi, mvuke wa lita hiyo moja unafika kama sehemu 4,800 kwa kila sehemu milioni za hewa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inahesabu sehemu 500 kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Maana yake kikombe kidogo tu, mililita 100, kinakufikisha ukingoni. Kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili kwamba ubongo umeshaanza kulewa: toka nje. Ndiyo maana nasisitiza kupulizia uwanjani au penye nafasi mbili zinazopitisha upepo, ukae upande unakotoka upepo, na jiko la mkaa liwe mbali kabisa, mvuke usishike moto.

Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Inatakiwa yenye vichujio vya mkaa vya mvuke wa kemikali, ikae usoni bila ndevu kuiachia mwanya. Ukisikia harufu ndani yake, badilisha vichujio. Ukimaliza kazi, vifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa. Vikining'inia ukutani vinaendelea kunyonya mvuke na unyevu wa Dar hadi vinachoka.

Gundi za viatu zenye heksani, kiyeyushi kingine, zina madhara yake. Ini huigeuza heksani kuwa kemikali inayoharibu mishipa ya fahamu: ganzi vidoleni mwa miguu, kisha mikononi, kisha miguu kulegea. Petroli ya kunawia grisi nayo ina benzini, inayosababisha saratani ya damu. Badala yake sugua mikono kwa mafuta ya kula, halafu sabuni.

Thina chafu isimwagwe mtaroni, maana mitaro mingi inaishia Mto Msimbazi, wala mchangani karibu na kisima. Iache siku mbili kwenye kopo lililofungwa; rangi itatuama, nawe utachota ya juu kuoshea brashi mara ya kwanza. Tope linalobaki lifungie vizuri, umpe mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali.

Thina usiiweke kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, usimtapishe: ikipanda inaweza kuingia mapafuni. Usimpe maziwa wala chochote, mkimbize hospitali, na chupa yenyewe muibebe.