Amiloidosisi: miguu inavimba, mkojo una povu, mikono inakufa ganzi

Swali: Huu ni ugonjwa gani?
Protini za mwili zinajikunja vibaya, zinageuka nyuzinyuzi ambazo mwili unashindwa kuziyeyusha, zinajazana kwenye moyo, figo, mishipa ya fahamu na hata utumbo. Protini ya chakula haihusiki kabisa, maharage kula tu.

Swali: Dalili zake?
Hapa ndo pagumu, maana kila dalili ukiiangalia peke yake inafanana na ugonjwa mwingine. Miguu ikivimba, ukibonyeza shimo la kidole linabaki, watu wanasema figo, pumzi ikikata wanasema moyo, ganzi wanasema kisukari, basi mgonjwa anazungushwa kliniki hii na ile na hakuna anayeziunganisha. Kwahiyo ukiona mbili tatu zimekuja pamoja, mfano mkojo una povu zito halafu unachoka ovyo na kilo zinapungua, mwambie daktari ZOTE, hata ile unayoona haina maana. Ganzi ya vidole vya mikono yote miwili inaweza kutangulia shida ya moyo kwa miaka kadhaa.

Swali: Hakuna dalili ya wazi kabisa?
Zipo, ila hazimtokei kila mtu. Ulimi unanenepa hadi unakuwa na alama za meno pembeni, na michubuko inatokea kwenye kope bila kupigwa.

Swali: Baba ana presha ya kupanda muda mrefu, siku hizi dawa zilezile zinamshusha mno, akisimama anapata kizunguzungu. Inahusiana?
Inaweza, na ni ishara ambayo wengi wanaifurahia wakidhani presha imepona. Asiache dawa mwenyewe, arudi hospitali.

Swali: Inarithiwa?
Kuna aina ya kurithi, ya protini inayoitwa transtairetini, na Wamarekani weusi kama 3 hadi 4 kwa kila 100 wana badiliko moja la jeni (chembe za urithi) lenye asili ya Afrika Magharibi, sio wote wanaugua ila moyo ndo unaoshambuliwa zaidi. Aina nyingine inaitwa AL, hiyo inatoka kwenye seli za uboho, na nyingine inafuata magonjwa ya muda mrefu kama TB isiyotibiwa.

Swali: Vipimo?
Anza na protini kwenye mkojo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (ultrasound ya moyo). Kuta za moyo zikiwa nene kwenye eko huku mawimbi ya ECG ni madogo, hapo daktari ashtuke. Cha kuthibitisha ni kinyama, yaani kipande kidogo kinachotolewa mwilini kupimwa, mara nyingi mafuta kidogo ya tumboni, kinatiwa rangi nyekundu, na kwenye mwanga maalumu wa hadubini kinang'aa kijani. Waulize pia ni aina gani, kwasababu dawa ya AL sio dawa ya transtairetini.