Sukuni juu ya jeni: maswali kuhusu epijenetiki na saratani ya damu

Majibu ya maabara yakitoka, familia hubaki na karatasi yenye maneno kama DNMT3A, TET2 au IDH2, na swali moja moyoni: mgonjwa wetu atapona? Siku hizi wengi wameshasikia pia kwamba kuna "alama za epijenetiki" zinazotabiri mwelekeo wa saratani ya damu, yaani lukemia. Yafuatayo ni maswali wanayouliza, nami nimeyajibu kwa uwazi kadiri nilivyoweza.

Epijenetiki ni kitu gani?

Aliyepita chuoni utotoni anakumbuka irabu. Herufi ya be ukiitia fataha inasomeka "ba", ukiitia kasra ni "bi", ukiitia dhuma ni "bu". Ukiiwekea sukuni, inakosa irabu. Herufi yenyewe haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni alama iliyo juu yake au chini yake, na usomaji ukafuata.

DNA yetu nayo iko hivyo. Chembe ya ini na chembe ya damu zina herufi zilezile, ila zina alama tofauti, ndiyo maana kila moja inafanya kazi yake. Alama inayojulikana zaidi ni methili, kijikundi cha kaboni moja na haidrojeni tatu kinachobandikwa kwenye herufi C ya DNA, hasa pale C inapofuatwa na G. Methili zikirundikana mwanzoni mwa jeni, mara nyingi jeni hiyo inanyamaza. Hiyo ndiyo sukuni yake. Zipo pia alama zinazowekwa kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani.

Hayo yanahusianaje na saratani ya damu?

Chembe za damu huzaliwa kwenye uloto, ndani ya mifupa. Chembe changa ikitaka kukomaa lazima ifunge jeni za utoto na kufungua za utu uzima. Katika lukemia inayokwenda kwa kasi ya aina ya mieloidi, ambayo madaktari huiita AML, chembe hukataa kukua. Zinabaki changa, zinazaana, zinajaza uloto mpaka chembe nzima zinakosa nafasi.

Mara nyingi waandishi wa alama ndio walioharibika. DNMT3A ni kimeng'enya kinachobandika methili. TET2 huanzisha kazi ya kuzifuta. IDH1 na IDH2 zikipata kasoro, yaani herufi zake zikikosewa, hutengeneza kemikali inayomzuia TET2 asifute. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulichunguza watu wazima 200 wenye AML, na asilimia 44 kati yao walikutwa na kasoro katika jeni zinazohusika na methili.

Zinatabirije?

Mwaka 2010 yalitoka mambo mawili makubwa. Kwanza, watafiti walisoma methili za wagonjwa 344 wa AML. Kwa mpangilio wa alama peke yake, wagonjwa waligawanyika katika makundi 16. Mengine yalilingana na aina ambazo madaktari walishazijua, lakini matano yalikuwa mapya kabisa: hakuna kipimo kingine kilichokuwa kimewahi kuyaona. Kutokana na hapo walipata jeni 15 ambazo methili zake zilisaidia kukadiria nani ataishi muda mrefu zaidi.

Pili, watafiti wa St. Louis, Marekani, walikuta kasoro ya DNMT3A kwa wagonjwa 62 kati ya 281. Hapa ndipo palipotoka namba inayowatisha watu mpaka leo. Nusu ya wenye kasoro hiyo waliishi zaidi ya miezi 12.3, kwa wasio nayo, nusu waliishi zaidi ya miezi 41.1.

Karatasi ya baba ina DNMT3A. Ina maana amebakiza mwaka mmoja?

Hapana, na naomba jibu hili ulisome polepole.

Miezi 12.3 ni mahali pa katikati palipowagawa wagonjwa wa utafiti ule katika mafungu mawili. Nusu walivuka hapo, na wapo waliovuka kwa mbali sana. Namba hiyo inalieleza kundi. Haikuandikwa kwa ajili ya baba yako. Umri wake, nguvu za mwili, kasoro nyingine zilizo pamoja na hiyo, na jinsi atakavyoitikia dawa za mwanzo vina uzito wake.

Kisha tazama kilichofuata. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 398 wenye umri chini ya miaka 60, waliopewa dawa ya daunorubisini, baadhi kwa dozi ya kawaida na baadhi kwa dozi kubwa. Wenye kasoro ya DNMT3A waliopata dozi kubwa waliishi vizuri zaidi kuliko wenzao wa dozi ya kawaida. Kasoro iliyoonekana kama hukumu ilikuwa kumbe inazungumzia pia matibabu waliyopewa. Katika mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022, ambao madaktari wengi duniani hutumia kupanga hatari ya AML, DNMT3A peke yake haimweki mgonjwa kwenye kundi baya. ASXL1 na EZH2, jeni nyingine za upande huu wa epijenetiki, zimo kwenye orodha ya hatari kubwa, ingawa hata hizo husomwa pamoja na kasoro nyingine alizo nazo mgonjwa.

Ndiyo maana naumia ninaposikia mtu ametajiwa miezi ya kuishi kwa sababu ya jina moja la jeni.

Mbona hospitali haikupima methili zenyewe?

Kwa sababu kwa AML kipimo hicho bado kiko zaidi mikononi mwa watafiti. Wanachopima hospitali zenye uwezo ni kromosomu na kasoro za herufi. Kupima methili kunataka mashine, kanuni za hesabu, na maabara zote zikubaliane kupima kwa namna moja. Hali inabadilika: mwaka 2025 watafiti walionyesha programu iliyofunzwa kwa sampuli zaidi ya 2,500 za lukemia, inayoweza kutambua aina ya ugonjwa kwa kusoma methili ndani ya muda wa saa mbili hivi.

Ugonjwa ambao methili zimesogea karibu zaidi na kitanda cha mgonjwa ni JMML, lukemia adimu ya watoto wadogo. Tafiti za Ulaya, Japani na Marekani zilifika mahali pamoja: watoto wenye methili nyingi hali zao huwa mbaya zaidi, na wenye methili chache huwa na nafuu, hata wapo ambao ugonjwa ulitulia bila kupandikizwa uloto. Kwa mzazi anayefikiria mtoto wake apandikizwe au asubiri, hilo ni jambo zito.

Ugonjwa umetulia, lakini DNMT3A bado inaonekana. Saratani imebaki?

Si lazima. Kasoro za DNMT3A, TET2 na ASXL1 mara nyingi hutangulia saratani kwa miaka. Tafiti za mwaka 2014 zilizikuta kwenye damu ya watu wasio na saratani ya damu. Kwa waliopita miaka 70, zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa na kasoro za namna hii. Kwa hiyo madaktari hawazitegemei kutafuta mabaki ya ugonjwa. Kasoro ya jeni nyingine, NPM1, kwa aliyekuwa nayo, ni shahidi bora zaidi.

Alama zinaweza kufutwa?

Herufi ikikosewa, kuirudisha ni kazi ngumu sana, lakini alama hufutika. Dawa ya azasitidini ilitengenezwa Chekoslovakia miaka ya 1960. Mwaka 1980 wanasayansi wawili wa Los Angeles walionyesha kwamba inazuia kubandikwa kwa methili, na chembe za panya walizozitia dawa hiyo zikageuka kuwa misuli. Marekani iliiidhinisha mwaka 2004 kwa ugonjwa wa uloto unaoweza kuzaa AML. Mwaka 2020 utafiti wa wagonjwa wa AML wasioweza kuhimili kemotherapia kali ulionyesha kwamba kwa waliopewa azasitidini pamoja na dawa nyingine, venetoclax, nusu waliishi zaidi ya miezi 14.7, dhidi ya 9.6 kwa waliopewa azasitidini peke yake. Kwa kasoro za IDH2 na IDH1 kuna vidonge maalumu tangu 2017 na 2018.

Nimeuziwa dawa ya mitishamba ya "kusafisha epijenetiki". Nitumie?

Usitumie. Hakuna chakula wala mtishamba uliothibitishwa kurekebisha alama za lukemia ukamponya mtu. Na kuna hatari ya kweli: balungi tu, tunda la kawaida, hupandisha kiwango cha venetoclax mwilini mpaka kikadhuru. Kila unachokunywa, kipeleke daktari akione.

Nimuulize daktari nini?

Muulize kasoro zote zilizokutwa ni zipi, zikisomwa kwa pamoja zinamweka mgonjwa kundi gani, na kama kuna yoyote inayobadilisha dawa atakayopewa. Ukitajiwa namba, uliza imetoka kwa wagonjwa wa umri gani, nchi gani na dawa gani, maana tafiti nyingi hizi zilifanywa kwa watu wa Ulaya na Marekani. Na kama matibabu hayajaanza, uliza kama sampuli ya uloto inaweza kuhifadhiwa. Dawa zikishaingia, picha ile ya mwanzo haipatikani tena.