Kwa Nini Okidi Hufa Ikipandwa Kwenye Udongo?

Je, wajua kwamba udongo mweusi wenye rutuba, ule unaostawisha karibu kila ua la chunguni, ndio unaoua okidi nyingi zinazotunzwa majumbani? Sababu imo kwenye mizizi. Ukishaielewa mizizi ya okidi, kanuni nyingi za kuitunza utazing'amua mwenyewe bila kukaririshwa.

Ukoo wa okidi una spishi zipatazo 28,000, na ni mojawapo ya koo kubwa kabisa za mimea itoayo maua. Takriban asilimia 70 ya spishi hizo haziishi ardhini. Huota juu ya miti, zikiwa zimeng'ang'ania magome na matawi, mizizi mingine ikining'inia hewani. Wengi huzidhania kuwa kupe wa mti, na hapo zinasingiziwa, kwa maana okidi ya mtini hainyonyi chochote kwa mwenyeji wake. Inachotaka kwake ni mahali pa kukaa, karibu na mwanga. Maji huyapata kwenye mvua, umande na ukungu. Chakula hukipata kwenye vumbi, majani yanayooza na kinyesi cha ndege, vitu ambavyo mvua huviteremsha polepole juu ya gome.

Maisha ya namna hiyo yana shida moja kubwa: maji hayakai. Mvua ikikatika, gome hukauka upesi. Kwa hiyo mzizi wa okidi umevikwa velameni, yaani tabaka la seli zilizokufa, tupu ndani, ambazo hufyonza maji mara moja kama sponji kisha kuyapitisha taratibu kwenye sehemu iliyo hai. Velameni ikiwa kavu hujaa hewa, na mzizi huonekana mweupe au wa rangi ya fedha. Ikilowa hupenyeza mwanga, na ukijani wa ndani hujitokeza. Ukijani huo ni klorofili: mizizi ya okidi nyingi husaidia majani kutengeneza chakula. Iko hata okidi ya Afrika, Ansellia africana, ambayo baadhi ya mizizi yake myembamba husimama wima kuelekea juu ikawa tenga la kunasa majani yanayodondoka, ili mmea ujipatie mbolea yake huko huko mtini.

Chukua sasa mzizi huo, uliozoea kulowa kwa muda mfupi na kupigwa na upepo, uufukie kwenye udongo. Chembe za udongo ni ndogo na zimeshikana. Maji hukaa siku nyingi, hewa haipiti. Mzizi hukosa oksijeni, hufa, kisha kuvu na bakteria huumalizia kwa kuuozesha. Baya zaidi, mmea uliopoteza mizizi hauwezi kunywa, hivyo majani yake hulegea na kukunjamana kama yenye kiu. Mwenye mmea anaona kiu, anaongeza maji, na kuoza kunazidi. Okidi zinazokufa kwa maji mengi ni nyingi kuliko zinazokufa kwa ukame, kwa hiyo kabla ya kumwagilia mmea uliolegea, utoe kwanza chunguni uitazame mizizi. Mzizi mzima ni mgumu ukiubinya. Uliooza ni wa kahawia, laini, na ganda lake hubanduka na kuacha uzi.

Badala ya udongo, tumia vipande vya magome ya msonobari, ukipenda vikichanganywa na mkaa au makumbi ya nazi. Vinashika unyevu kidogo na kuacha nafasi za hewa. Chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye matundu mengi chini, ndicho ninachokisifu kuliko vyote kwa anayeanza, kwa sababu mizizi yenyewe itakwambia lini inataka maji: ikiwa ya kijani, subiri, ikigeuka rangi ya fedha, mwagilia. Ratiba ya kalenda haiwezi kukupa jibu hilo, kwa kuwa kasi ya kukauka hubadilika na joto, upepo na ukubwa wa chungu. Mwagilia asubuhi, maji yapite hadi yatoke chini, kisha yaache yachuruzike yote. Sahani yenye maji yaliyotuama chini ya chungu ni udongo kwa jina lingine.

Magome nayo huoza. Baada ya mwaka mmoja au miwili huwa vumbivumbi na kuanza kushika maji kama udongo, na hapo ni wakati wa kuyabadilisha, hasa maua yakishapukutika na mizizi mipya inapochomoza. Kata mizizi iliyooza kwa mkasi uliopitishwa motoni.

Okidi inayopatikana kwa urahisi kuliko zote ni Phalaenopsis, yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki hadi kaskazini mwa Australia. Maua yake hudumu miezi miwili hadi mitatu, na haitaki jua kali. Porini huota ikiwa imeinamia upande, kwa hiyo maji ya mvua humwagika kutoka kwenye majani. Chunguni huwa wima, maji yakatuama katikati, kwenye moyo wa mmea. Ina shina moja tu lenye ncha moja ya kukua; moyo huo ukioza, mara nyingi mmea umekwisha, kwa hiyo ukiona maji hapo yakaushe kwa kitambaa. Ikikataa kuchanua, angalia usiku wako: majuma machache ya usiku wa baridi kiasi, nyuzi 16 hadi 18 za sentigredi, ndiyo huichochea kutoa kikonyo kipya. Na kikonyo cha zamani usikimbilie kukikata kikiwa bado kibichi, kwani huweza kuchipua maua tena kwenye vifundo vyake.

Okidi za aina nyingine zina matakwa yake. Vanda ni mmea wa jua na maji. Hutundikwa kwenye kikapu kitupu, mizizi ikiwa wazi kabisa, na wakati wa joto hutaka kumwagiliwa kila siku. Cattleya na Dendrobium nyingi huhifadhi maji kwenye mashina yaliyonenepa, kwa hiyo huvumilia kukauka kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Dendrobium nobile hasa huhitaji likizo ya baridi na ukavu. Ukiendelea kuipa maji na mbolea wakati huo, itakupa vichipukizi badala ya maua. Paphiopedilum ni kinyume chake: nyingi huota chini, kwenye majani yaliyooza, na hazina akiba ya maji, kwa hiyo zisiachwe zikauke kabisa.

Mwanga soma kwenye majani. Kijani kilichokolea sana maana yake mwanga hautoshi, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya okidi yenye afya kukaa miaka bila ua. Majani yakiwa ya manjano au mekundu, jua limezidi. Mbolea iwe hafifu, nusu au robo ya kipimo kilichoandikwa, na mara moja kwa mwezi suuza magome kwa maji matupu, maana chumvi ikijikusanya huunguza mizizi.

Kuotesha mbegu nyumbani ni jambo gumu. Tunda moja la baadhi ya spishi hubeba zaidi ya mbegu milioni moja, laini kama vumbi, zisizo na akiba ya chakula. Porini haziwezi kuota mpaka kuvu maalumu iziingie na kuzilisha, jambo aliloligundua Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba sukari kwenye chupa safi inaweza kuchukua nafasi ya kuvu hiyo, na kutokana na kazi yake okidi leo huzalishwa kwa wingi vitaluni. Kwa hiyo hakuna haja ya kuzing'oa msituni, zinakochukua miaka mingi kukua. Biashara ya kimataifa ya ukoo wote wa okidi inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Unaponunua, kagua mizizi na majani: mmea wa kitaluni huwa na majani yanayolingana, pamoja na mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu, ilhali uliobanduliwa mtini mara nyingi huwa na mizizi iliyokatika na majani yenye mikwaruzo.